Sauti Juu ya Ngumi: Picha za Kichina za Zamani na Watafsiri Wake wa Kiswahili

Picha za mapigano za Kichina zinazoitwa za zamani, yaani zile zilizotengenezwa Hong Kong tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980, zilizaliwa bubu. Waigizaji walisema maneno yao mbele ya kamera, lakini studio za huko kwa kawaida hazikunasa sauti wakati wa kupiga picha, hivyo mazungumzo, vishindo vya ngumi, mlio wa upanga unaochomolewa alani na hata nyayo za mtu anayepita juu ya mapaa vilitiwa baadaye chumbani, mara nyingi na watu wengine kabisa ambao sura zao hazionekani popote katika picha. Wakosoaji wa Ulaya na Marekani walilicheka jambo hilo kwa sababu midomo ilikwenda huku na maneno yakaenda kule. Hata hivyo ndilo linalosaidia kueleza kwa nini picha hizo zilipokelewa Afrika Mashariki kana kwamba zimetengenezwa Kariakoo au Gikomba, kwani kitu kilichofika bila sauti yake yenyewe hakikuwa na sababu ya kukataa sauti ya Kiswahili.

Wajuzi wa fani hiyo hutenganisha aina mbili. Ya kwanza ni wuxia, neno la Kichina linalounganisha mambo ya vita na sifa ya mtu muungwana anayetetea wanyonge, na kwa hiyo picha zake ni hadithi za wapiga panga wa enzi za wafalme, wenye kuruka kuta na kusimama juu ya matawi ya mianzi bila kuyapinda. Ya pili ni kung fu, neno ambalo kwa asili lina maana ya ustadi wowote unaopatikana kwa juhudi na muda mrefu, uwe wa kupika au wa kuandika hati nzuri, lakini ambalo kwa watazamaji wa dunia nzima limebaki kuwa jina la mapigano ya mikono mitupu. Wuxia ndiyo iliyotangulia: mwaka 1928 studio moja ya Shanghai ilianza kutoa mfululizo wa picha 18 kuhusu kuchomwa kwa hekalu la Yungiyungi Jekundu, na mapenzi ya watu kwa hadithi za namna hiyo yakawa makubwa kiasi kwamba serikali ya Uchina ya wakati huo iliziona kuwa ni ushirikina na kuzipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1930. Fani ikahamia Hong Kong, koloni la Waingereza, ambako kuanzia mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alicheza nafasi ya tabibu na mwalimu wa mapigano Wong Fei-hung katika picha zaidi ya 70.

Mageuzi yaliyozaa picha zinazopendwa hadi leo yalifanyika katika studio ya ndugu wa Shaw, ambao mwaka 1961 walifungua huko Clearwater Bay mji mzima wa kutengenezea picha, wenye mitaa ya kale ya kuigiza, karakana za mavazi na mabweni ya wafanyakazi. Mwaka 1966 mwongozaji King Hu alitoa Come Drink with Me, ambamo msichana Cheng Pei-pei anaingia katika nyumba ya wageni iliyojaa majambazi na kuwashinda kwa utulivu wa mtu anayekunywa chai. Mwaka uliofuata Chang Cheh akamweka Jimmy Wang Yu katika One-Armed Swordsman, hadithi ya mpiga panga aliyekatwa mkono na binti wa mwalimu wake, nayo ikawa picha ya kwanza ya Hong Kong kuingiza dola milioni moja za huko katika soko la nyumbani. Wang Yu huyohuyo aliweka upanga chini mwaka 1970 katika The Chinese Boxer, na tangu hapo ngumi na teke vikachukua nafasi ya chuma. Mwaka huohuo Raymond Chow aliondoka kwa akina Shaw na kuanzisha kampuni ya Golden Harvest, ambayo ilimpata kijana mmoja aliyezaliwa San Francisco na kukulia Hong Kong, aliyefundishwa na mwalimu Ip Man, naye ni Bruce Lee. Alikamilisha picha nne tu za utu uzima akiwa stelingi: The Big Boss ya mwaka 1971, Fist of Fury na Way of the Dragon za mwaka 1972, na Enter the Dragon ya mwaka 1973, ambayo ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi mmoja baada ya yeye kufariki Hong Kong tarehe 20 Julai akiwa na umri wa miaka 32.

Ili kuelewa namna picha hizi zinavyokwenda, inafaa kujua kwamba wengi wa waliozitengeneza hawakutoka katika shule za sinema bali katika opera ya Peking, mchezo wa jukwaani unaochanganya uimbaji, sarakasi na mapigano ya kuigiza, ambapo kila pigo hupangwa kufuata ngoma na matoazi. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walikabidhiwa wakiwa watoto kwa mwalimu Yu Jim-yuen, ambaye shule yake ilikuwa ya bweni na ya viboko, na walitoka humo wakiwa na miili inayojua mdundo kabla ya kujua kamera. Ndiyo maana pambano zuri la Kichina halifanani na ugomvi wa mtaani: lina mwito na kiitikio, lina kituo, lina mahali pa kuvuta pumzi, na anayelitazama anaweza karibu kulipigia makofi kwa mpigo. Kwa watu wa pwani hilo si geni hata kidogo. Kirumbizi cha Lamu ni mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma na zumari, wawili wakiingia uwanjani kutafutana mwanya huku wenzao wakiwazunguka, na huko Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa wanaume hutandikana kwa makuti ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe hapohapo. Mtazamaji aliyekulia katika michezo hiyo hakuhitaji kufundishwa kwamba mapigano yanaweza kuwa lugha.

Picha za Bruce Lee zilifika Tanzania wakati wa Ujamaa, na hapo ndipo penye kinaya ambacho wanahistoria wamekiandika kidogo kuliko kinavyostahili. Tangu mwaka 1970 maelfu ya mafundi kutoka Uchina walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Lakini picha za Kichina zilizokuwa zikijaza kumbi za Empire, Avalon na Odeon hazikutoka kwa ndugu hao wajenzi, bali kwa wafanyabiashara wa koloni la Waingereza, na katika Uchina ya Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya mwaka 1966 na 1976, hazikuonyeshwa hadharani. Vijana wa Dar es Salaam waliwajua kwa hiyo Wachina wa namna mbili, wa kweli wenye sare za buluu wanaotandaza mataruma, na wa kwenye pazia wenye vifua wazi na mayowe. Hata sinema ya magari iliyofunguliwa jijini humo mwaka 1966, ambapo familia zilitazama picha zikiwa ndani ya gari, ilipata sehemu yake ya mateke hayo kabla ya kufungwa, na kiwanja chake sasa ni ubalozi wa Marekani.

Msomi May Joseph, aliyelelewa Tanzania, ameeleza mvuto wa kung fu wa miaka hiyo kwa kuuhusisha na maisha ya kubana matumizi: katika nchi ambayo bidhaa zilikuwa adimu na kujitegemea kulihubiriwa kila asubuhi, shujaa asiye na bunduki, gari wala suti, ambaye mali yake yote ni mwili alioufundisha mwenyewe, alikuwa mtu wa kuaminika kuliko jasusi wa Kiingereza mwenye vikorokoro. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa inafaa kuongezwa ya pili iliyo wazi zaidi. Katika Fist of Fury, inayotokea Shanghai wakati Wajapani na Wazungu wana maeneo yao ndani ya mji, Chen Zhen, anayechezwa na Lee, anazuiwa kuingia bustanini na kuonyeshwa kibao kinachowakataza mbwa na Wachina, naye anakirusha kibao hewani kwa teke na kukivunja vipandevipande kwa teke jingine. Tukio lote halifiki dakika tatu. Kwa mtu wa Nairobi au Mombasa aliyeiona enzi ya hoteli za Wazungu peke yao, hapakuwa na neno la kutafsiriwa hapo. Picha hiyo inakwisha Chen Zhen akiwarukia askari wenye bunduki, picha inaganda akiwa hewani, risasi zinasikika, na kanuni ya vijiweni isemayo kwamba stelingi hafi ikaachwa inaning'inia pamoja naye.

Baada ya kifo cha Lee fani haikufa bali ilikwenda shule, na miaka bora zaidi, kwa hukumu ya makala haya, si ile ya 1971 hadi 1973 bali ni mwaka mmoja tu, 1978. Mwaka huo Lau Kar-leung, ambaye baba yake alifundishwa na mwanafunzi wa Wong Fei-hung halisi, alitoa The 36th Chamber of Shaolin. Gordon Liu anacheza kijana mwanafunzi anayekimbia dhuluma za watawala wa Kimanchu na kufika katika hekalu la watawa wa Kibudha la Shaolin akiwa hoi, ambako anataka afundishwe kupigana mara moja. Badala yake anapitishwa katika vyumba 35, kila kimoja kikiwa na mateso yake. Ili afike kwenye chakula lazima akanyage fungu la magogo yanayoelea majini, na kwa siku nyingi analala njaa kwa kuanguka. Anabeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooshwa, huku visu vimefungwa mikononi mwake ili akilegea vimchome ubavuni. Anagonga kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu mno mpaka kifundo cha mkono kinakaribia kuvunjika, na anafuata mwanga unaoyumba kwa macho pekee, ubani unaowaka ukiwa kila upande wa kichwa chake ili asithubutu kukigeuza. Karibu nusu ya picha nzima ni mafunzo, adui amesahauliwa, na mtazamaji hachoki. Akihitimu, anaomba kufungua chumba cha 36, cha kuwafundisha watu wa kawaida nje ya hekalu, na anafukuzwa kwa ombi hilo, kufukuzwa ambako ni ruhusa iliyofichwa. Aliyepitia jando, au aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu mwenye bakora akirudia ubao uleule hadi uingie, anaitambua elimu hiyo, ambayo huanzia mwilini na maelezo yake huja baadaye sana kama yakija.

Mwaka huohuo Yuen Woo-ping alitoa Drunken Master, ambamo Jackie Chan anamcheza Wong Fei-hung akiwa bado kijana mtukutu anayepelekwa kwa mzee mlevi ili anyooshwe, na Chang Cheh akatoa The Five Venoms, hadithi ya wanafunzi watano wenye mitindo ya wadudu na wanyama wa sumu wanaotafutana bila kujuana. Baada ya hapo yaliyobaki ni machache ya kutaja: mwaka 1982 Uchina bara yenyewe ilifungua mlango kwa Shaolin Temple, iliyopigwa kwenye hekalu halisi mkoani Henan na kumtoa bingwa wa michezo ya mapigano Jet Li, na mwaka 1985 akina Shaw waliacha kutengeneza picha za sinema wakageukia televisheni.

Lakini katika Afrika Mashariki mwaka 1985 haukuwa mwisho. Kumbi kubwa zilikuwa zinachakaa, na deki za video zilikuwa zinaingia. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo runinga moja, deki moja na jenereta vilitosha kuwa sinema ya mtaa mzima. Ukumbi wa namna hiyo, wa mabati au magunia, wenye mabenchi ya mbao na ubao wa chaki nje unaotangaza picha za siku hiyo, Tanzania huitwa kibanda umiza, jina lisilohitaji maelezo kwa aliyewahi kukaa ndani yake saa nane mchana. Kanda zilizofika humo zilikuwa nakala za nakala, na nyingi zilizungumza Kikantoni au Kimandarini, au Kiingereza cha haraka kilichotiwa Hong Kong kwa ajili ya kuuzwa nje.

Hapo ndipo alipoingia mtafsiri, ambaye pia huitwa DJ. Kazi yake haikuwa ile ya kubadilisha sauti kwa sauti, kila mhusika akipata mtu wake, kama wafanyavyo wataalamu wa televisheni. Mtafsiri alikuwa mmoja, mwenye kipaza sauti, aliyepunguza sauti ya picha na kuipandisha kila ngumi zilipoanza, akiwasemea wote, mwanamume na mwanamke, stelingi na adui, na katikati ya maneno yao akiingiza ya kwake: huyu ni nani, anamdai nani, kwa nini mzee yule haaminiki. Wengi hawakujua Kichina. Walitegemea manukuu ya Kiingereza chini ya picha yalipokuwapo, na yalipokosekana walitegemea macho na hekima ya kuwa wameiona picha mara nyingi. Nchini Tanzania jina kubwa katika kazi hiyo ni Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kama Lufufu, ambaye sauti yake nzito ilitoka kwenye kibanda ikaingia kwenye kanda zilizosambazwa mikoani. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, aliyechunguza sanaa hiyo, aliipa makala yake jina la kugeuza wali kuwa pilau, na mfano huo unafaa kwa sababu pilau si wali uliotafsiriwa: punje ni zilezile, harufu ni nyingine.

Kenya inaye DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kilichochanganyika na Sheng kimewafanya mashujaa wa Hong Kong wazungumze kama makanga wa matatu, na Uganda inao watafsiri wa Kiluganda wanaoitwa VJ. Huko Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, mambo yalikwenda hatua moja mbele. Isaac Nabwana, ambaye utotoni alizijua picha za mapigano kwa kusimuliwa na ndugu zake kuliko kwa kuziona, alianza kutengeneza za kwake, na katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 kuna mpiganaji anayejiita Bruce U, jina ambalo herufi yake ya mwisho ni ya Uganda, pamoja na sauti ya VJ Emmie anayeshangilia na kutania tangu mwanzo hadi mwisho. Mtafsiri aliyekuwa mgeni juu ya picha ya watu wengine amekuwa sehemu ya picha yenyewe.

Umbo hilo la sanaa si la Waafrika peke yao, na mahali pazuri pa kulishuhudia hilo ni mbali kidogo. Crystal, mji wa watu 23,000 hivi katika jimbo la Minnesota, unapakana na Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya kaskazini-magharibi ya Minneapolis ambamo Wakenya na Wasomali wanaishi jirani na Waliberia na Wahmong. Hawa wa mwisho ni watu wa milima ya Laos waliokuja kama wakimbizi baada ya mwaka 1975, na mji wa Saint Paul, upande wa pili wa eneo hilo, ndio wenye Wahmong wengi kuliko mji wowote wa Marekani. Kwa kuwa hawakuwa na sinema kwa lugha yao, walizichukua picha za Kichina, za Kithai na za Kihindi, wakazitia sauti za Kihmong na kuziuza kwa kanda, baadaye kwa diski, katika masoko yao na sherehe za mwaka mpya. Bibi wa Kihmong na kijana wa Kisomali aliyekulia Kenya wanaweza kwa hiyo kuwa wameifahamu picha ileile, ngumi kwa ngumi, bila hata mmoja wao kuwahi kuisikia kwa Kichina.

Mkazi wa Crystal anayetaka kuzirudia leo ana njia iliyonyooka. Kampuni ya Celestial ilinunua hazina ya picha za akina Shaw, zaidi ya 700, ikazisafisha kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, na nakala zake zenye rangi safi na manukuu sahihi zinapatikana kwa diski na mtandaoni. Ukumbi mdogo wa Trylon wa Minneapolis nao huonyesha picha za zamani. Anayeanza aanze na The 36th Chamber of Shaolin, kisha Drunken Master. A Touch of Zen ya King Hu, iliyotuzwa Cannes mwaka 1975, aiweke siku ya utulivu, kwani ni ya saa tatu na ukimya wake mrefu usingevumiliwa na kibanda chochote cha Manzese.

Nakala hizo safi, hata hivyo, hazina Lufufu. Studio ilitunza filamu zake katika ghala, lakini sauti za watafsiri zilibaki kwenye kanda za sumaku, ambazo hupata kuvu katika unyevu wa pwani, hufutika kwa kurudiwa na hutupwa deki inapoharibika. Aliye na kanda kama hiyo, iwe Tandale, Likoni au katika sanduku lililosafiri hadi Minnesota, asiirekodi juu wala kuitupa. Aitafutie deki inayofanya kazi na kuihamishia kwenye kompyuta ingali inasikika.